Mkono Usioongeza Wala Kupunguza

Tangazo la kuogesha mifugo lilibandikwa kwenye ubao, limechapwa vizuri, lina mhuri na sahihi. Lakini kila mahali palipostahili kusomeka ng'ombe, pamesomeka ngâ€™ombe. Watu walisoma wakapita zao, maana huku kwetu Usukumani ng'ombe hutambulika hata akiandikwa vibaya. Kilichoniuma ni kwamba aliyelichapa, aliyelitia sahihi na aliyelibandika wote waliiona takataka ile katikati ya neno, na hakuna hata mmoja aliyeona kuwa inamhusu.

Takataka ile ina asili yake. Ritifaa iliyopinda, ambayo programu za kuandikia hupenda kuiweka badala ya ile iliyonyooka, huhifadhiwa kwa baiti tatu: E2, 80 na 99. Programu moja iliziandika kwa utaratibu wa UTF-8, ambamo baiti hizo tatu ni alama moja. Nyingine ikazipokea bila kuuliza zimeandikwa kwa utaratibu gani, ikazisoma kwa ule wa zamani wa Windows, ambamo kila baiti hujitegemea. Hakuna baiti iliyopotea njiani. Kilichokosekana ni neno moja la makabidhiano: hiki nilichokupa ni kitu gani.

Mjini Bariadi, upande wa Somanda, yuko kijana mwenye steshenari ambaye asingeruhusu tangazo kama lile litoke mlangoni kwake. Mchana anatoa kopi, anachapa barua za kuomba kazi, anapiga picha za pasipoti, anatengeneza kompyuta za shule. Jioni wateja wakipungua anafungua Emacs, kihariri cha maandishi ambacho wengi wa wateja wake hawajawahi kukisikia, na kufanya kazi ambayo wengi hawajui kama ipo. Anaandika moduli kwa lugha ya C, yaani vipande vya programu vinavyojiunga na kihariri kutoka ndani na kukipa uwezo ambao hakikuzaliwa nao. Katika kazi hiyo yote, sehemu anayoiheshimu zaidi ni ndogo mno: kupitisha baiti ghafi kutoka kwenye moduli kwenda kwenye kihariri, na kuzirudisha, bila kuongeza wala kupunguza. Nimekaa kwenye benchi lake nikimtazama, na ninaisifu kazi hiyo hapa kwa sababu sijamsikia mwingine akiisifu.

Familia moja ilimletea flashi ya baba yao. Marehemu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwa miaka mingi aliokota nyimbo za Kisukuma: za kulima, za harusi, za ushindani wa vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu. Alizichapa mwenyewe, na juu ya kila wimbo aliweka jina la kijiji, jina la mwimbaji, na maneno "Bariadi, Mkoa wa Shinyanga", kwani Simiyu ilikuwa haijawa mkoa. Ilikuja kuwa mkoa mwaka 2012. Flashi yenyewe ilikuwa imeanza kufa. Kompyuta nyingine hazikuiona kabisa. Nyingine ziliiona na papo hapo zikauliza kama mwenyewe anataka ifomatiwe, na ninashukuru kuwa katika nyumba ile hakuna aliyejibu ndiyo.

Kisukuma kina irabu saba, Kiswahili kina tano. Wapo wanaoziandika zile mbili za ziada kwa kuweka alama ya wimbi juu ya i na u: ĩ na ũ. Kompyuta ya mwalimu haikuwa na herufi hizo. Mtu mwingine angeandika i na u tupu akasema wasomaji watajua wenyewe. Yeye alitafuta ndani ya kile alichokuwa nacho, akakuta î na û za Kifaransa, akaziajiri kwa lugha ya mama yake. Alifanya hivyo bila kukosa, ukurasa baada ya ukurasa, hata katika viitikio vinavyorudiwa mara nyingi ambapo mkono wowote ungechoka. Katika utaratibu wa herufi wa wakati ule, î ni baiti moja, EE, na û ni baiti moja, FB. Kwa hiyo tofauti yote aliyoisikia sikioni mwake, kati ya irabu hizo mbili na zote zilizobaki, imekaa juu ya baiti moja moja, imetawanyika ndani ya mafaili ambayo hayana kinga nyingine.

Fikiri sasa mafaili hayo yangeangukia mkono wa haraka. Programu za leo hutarajia UTF-8. Humo EE ni mwanzo wa alama ya baiti tatu, na ikifuatwa na herufi ya kawaida haina maana. FB yenyewe haitumiki mahali popote. Programu nyingi zikikutana na baiti za namna hiyo huziondoa kimya kimya na kuweka kialmasi chenye alama ya kuuliza, �, ambacho nacho huhifadhiwa kwa baiti tatu: EF, BF, BD. EE inageuka EF BF BD. FB nayo inageuka EF BF BD. Ukibonyeza pa kuhifadhi, irabu mbili ambazo mwalimu alizitenganisha kwa jasho zimekuwa doa moja, na hakuna mtaalamu atakayezitenganisha tena kwa kulitazama faili. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa anayeumbuka ni marehemu, maana msomaji ataona madoa na kudhani mwalimu hakujua kuandika.

Emacs haina tabia hiyo. Baiti isiyoielewa huionyesha wazi kwa namba ya hesabu ya nane: EE huonekana \356, FB huonekana \373. Ndani yake kila baiti ya aina hii, kuanzia 128 hadi 255, imetengewa namba yake yenyewe kileleni kabisa mwa orodha ya herufi, kupita mwisho wa Unicode, ile orodha ya pamoja ya herufi za dunia, isije ikachanganyika na herufi ya lugha yoyote. Faili likihifadhiwa, kila moja hurudi kuwa baiti ile ile. Kijana aliponionyesha ukurasa wa kwanza wa nyimbo umejaa \356 na \373, nilidhani umeharibika. "Hapana," akasema, "huu ndio uzima wake. Ungekuwa umeharibika ungependeza."

Kabla ya kufika hapo ilibidi flashi isomwe, na hapo ndipo moduli ilipohitajika. Kihariri hufungua faili vizuri sana pale ambapo chombo kinatii. Chombo kinachokufa hakitii. Kijana aliandika moduli inayosoma kipande cha baiti 512 kwa wakati mmoja, inarudia pale panapogoma, kisha inamkabidhi Emacs kile ilichopata. Kazi ya kusoma haikumsumbua sana. Aliyetaka kumkuta akihangaika usiku angemkuta kwenye mistari michache ya mwisho, ile ya kukabidhi.

Moduli ina milango miwili ya kupitishia mfuatano wa baiti kwenda kwa Emacs. Wa kwanza ni make_string, ambao hupokea maandishi na hutaka yawe UTF-8 sahihi. Wa pili ni make_unibyte_string, ambao haujali baiti ina thamani gani, kuanzia 0 hadi 255. Unachukua kilicholetwa na kukitunza kama mfuatano wa baiti tupu. Mlango wa kwanza ni kama karani wa chama cha msingi msimu wa ununuzi: anafungua gunia, anaingiza mkono, anatenga pamba safi na pamba fifi, na ana haki kwa kuwa ndiyo kazi aliyopewa. Mlango wa pili ni dereva wa lori la marobota, aliyepewa idadi na mahali pa kupeleka, ambaye hana ruhusa ya kukata kamba. Wote wawili wanahitajika. Mali huharibika dereva anapojifanya karani, au karani anapopitisha gunia bila kulifungua.

Na milango yote miwili inadai kitu kimoja: utaje urefu. Katika lugha ya C kuna desturi ya zamani kwamba maandishi huishia palipo na baiti ya sifuri. Desturi hiyo inafaa kwa maandishi, lakini baiti ghafi zina sifuri kila mahali, nazo ni baiti halali kama nyingine. Anayehesabu mpaka sifuri ya kwanza atakabidhi kipande na kutupa kilichobaki, na programu haitamwambia lolote. Kijana haachi urefu ukisiwe. Kila anapopokea kipande hubeba pamoja nacho hesabu yake, kuanzia kwenye chombo hadi kwenye kihariri, na hesabu hizo mbili asipozikuta sawa haendelei. Nilimwona akisimama hivyo kwa sababu ya baiti moja tu. Alikaa kimya mbele ya skrini, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akajua imetoka wapi, wakati mteja wa kopi amesimama mlangoni na hela mkononi.

Mlango huo wa pili haukuwepo siku zote. GNU Emacs ilitoka kwa umma mwaka 1985, kazi ya Richard Stallman, lakini moduli za namna hii ziliruhusiwa mwaka 2016 tu, katika Emacs 25, tena kwa sharti kwamba kila moduli itamke ndani yake kuwa inakubaliana na leseni ya GPL, isiyotamka haipokelewi. Kwa miaka kadhaa waandishi wa moduli walipewa mlango wa maandishi peke yake. Aliyetaka kupitisha picha ya JPEG, ambayo baiti yake ya kwanza kabisa ni FF, baiti isiyotumika katika UTF-8, alilazimika kuivalisha kwanza nguo ya maandishi, kama base64, ambayo hufanya kila baiti tatu kuwa herufi nne, kisha upande wa pili akaivua. Picha ilifika salama, lakini ilifika kwa kuzunguka na kwa mzigo ulioongezeka kwa theluthi. Mlango wa baiti ghafi ulikuja na Emacs 28, Aprili 2022. Katika habari za toleo hilo ni jambo dogo, na kwa wenye kazi hii ilikuwa heshima waliyoingoja.

Wanaostahili kukumbukwa zaidi ni wale waliofanya kihariri hicho kisitupe kisichokielewa. Mwaka 1987, huko Japani, Kenichi Handa na wenzake walikuwa wameanza kuifundisha Emacs lugha yao, ambayo herufi zake haziwezi kuenea katika baiti moja. Kazi hiyo ikakua ikaitwa Mule, ikaingia ndani ya Emacs 20 mwaka 1997, na mwaka 2009 Emacs 23 ikahamia kwenye msingi wa Unicode. Nadhani walikuwa waangalifu kwa sababu walijua uchungu wa kuona lugha yako ikifika imesagika. Watu ambao lugha yao hutosha katika herufi 128 za ASCII hawakuwa na haraka ya kulijua hilo, na hata sisi wa Kiswahili tumelelewa karibu nao. Isipokuwa ritifaa yetu inapopinda, maneno yetu hupita bila kuguswa. Msukuma anayezitaka irabu zake zote saba hapiti. Mtu wa Lamu anayetaka utenzi uonekane kwa herufi za Kiarabu, ambako katika UTF-8 kila herufi ni baiti mbili, hapiti.

Kuna adabu nyingine ninayoipenda, ile ya kurudi. Emacs inapotoa maandishi kwenda kwa moduli, moduli haichoti tu. Inauliza kwanza: yanahitaji nafasi kiasi gani? Emacs inajibu kwa baiti, pamoja na ile sifuri ya mwisho. Moduli inatenga nafasi hiyo, si pungufu, kisha inaita mara ya pili ndipo inapopewa. Anayeona kuuliza ni kupoteza muda hutenga nafasi ya kukisia, na siku maandishi yakiwa marefu anakosa, au mbaya zaidi anamwaga nje ya chombo na kihariri chote kinaanguka pamoja na kazi ya mtu ambayo haijahifadhiwa. Vivyo hivyo thamani zote ambazo moduli hupewa katika mwito mmoja zina uhai wa mwito huo tu. Anayetaka kubaki na kitu aombe rasmi, na akimaliza akirudishe. Kijana wangu huandika mstari wa kurudisha kabla hajaandika mistari ya kutumia. Nilimuuliza kwa nini, akasema mtu akishafaidi husahau.

Katika flashi ile kulikuwa na vipande ambavyo havikusomeka kabisa, hata baada ya kurudiwa. Hapa ndipo nilipomheshimu kuliko yote. Ingekuwa rahisi kujaza sifuri 512 au nafasi tupu, faili likaonekana zima na familia ikafurahi. Moduli yake ilirudisha jibu kwamba hapa sikupata kitu, na katika faili akaacha pengo, akaliandika kuwa ni pengo, likiwa na idadi ya baiti zinazokosekana. Wimbo mmoja umekatika katikati ya ubeti kwa sababu hiyo. Watoto wa marehemu wanajua umekatika wapi, na siku wakimpata mzee anayeukumbuka watajua pa kumrudisha. Kisha akafanya nakala ya pili, ambamo EE imekuwa ĩ na FB imekuwa ũ, ipate kusomeka na watu wa leo. Ile ya kwanza hakuigusa. Amewapa zote mbili.

Watu wetu walikuwa na wajuzi wa namna hii zamani, kabla ya kompyuta. Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi na mwandishi wa hati nzuri aliyefariki miaka ya 1940, aliwanakilia wasomi wa Kizungu tenzi za Kiswahili, na nakala zake kadhaa ziko London hadi leo. Mnakili wa kweli hubeba mzigo mzito kwa sababu msomaji hana njia ya kumkagua. Asili ikiliwa na mchwa, kilichobaki ni neno lake. Kijana wa Somanda amesimama mahali pale pale. Familia ile haisomi baiti. Wamempa urithi wa baba yao na wameamini alichowarudishia.

Ninaona jinsi uaminifu wa aina hii unavyochukuliwa kuwa ushamba. Mifumo mingi ya kusajili watu haiitaki ritifaa. Ukiandika jina linaloanza na Ng'wa, inakwambia utumie herufi tu, kana kwamba bibi zetu walikosea kuyatamka majina ya watoto wao. Mingine inaipokea halafu inaivuruga. Mtoto anafika kidato cha nne akiwa na jina moja kwenye cheti cha kuzaliwa na jingine kwenye cheti cha shule, na mzazi anaambiwa aende akaape kwamba hao wawili ni mtu mmoja. Gharama ya nauli, ya karatasi na ya siku iliyopotea inamwangukia aliyeandika jina sawasawa tangu mwanzo. Waliotengeneza mfumo wanasema ni tatizo dogo. Ni dogo kweli, ukubwa wake ni baiti moja, na ndiyo maana halina udhuru.

Vijana huja pale steshenari kutaka kujifunza kompyuta. Wanataka kutengeneza programu ya simu kabla ya Ijumaa. Akianza kuwaeleza tofauti ya herufi na baiti, kwamba neno lenye herufi saba laweza kuwa na baiti tisa, macho yao yanakwenda kwenye simu. Siwalaumu wao peke yao. Sisi tuliowalea tumewafundisha kusifu kinachoonekana, na kazi hii ikifanywa vizuri haionekani. Hakuna aliyewahi kumshukuru fundi kwa sababu jina lake limetoka kwenye mashine likiwa vile vile lilivyoingia.

Mwalimu yule hakuwa peke yake. Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega kuna makabati yenye flashi, diski na kompyuta mbovu za walimu, makatekista na waandishi wa ukoo waliochapa walichokijua kwa herufi walizozikuta. Mwaka baada ya mwaka vinafunguliwa na wajukuu wenye nia njema na mkono wa haraka. Wimbo ukipotea wote, angalau familia itajua hainao tena. Wimbo uliogeuzwa irabu hautafutwi na mtu, kwa sababu unaonekana upo. Kuvifungua vitu hivyo kunahitaji watu wanaouliza kwanza hiki ni nini, kina urefu gani na ni mali ya nani, na wanaoweza kusema hapa sikupata kitu. Mashine zipo tele. Watu hao ndio tunaoishiwa, na sijaona anayewaandaa wengine.